Besi inasikika nje, ndani haipo: kosa ni la muda, la waya au la boksi?

SWALI: Niko Moshi, Pasua. Gari ni Toyota IST. Nimefunga redio ya Android yenye DSP (kichakata sauti) ndani yake, amplifaya ya chaneli 4 inayoendesha spika za inchi 6.5 milangoni na tuita (spika ndogo za sauti nyembamba) kwenye pembe za vioo, na amplifaya ya pili ya wati 500 kwa omu 2 inayoendesha subufa ya inchi 12 kwenye boksi lenye tundu. Fundi alipima kwa futi kutoka usoni kwangu nikiwa nimekaa kwenye usukani: mlango wa kulia sm 85, mlango wa kushoto sm 130, tuita ya kulia sm 92, tuita ya kushoto sm 128, subufa sm 185. Kisha akaweka milisekunde: mlango wa kushoto 2.90, wa kulia 1.59, tuita ya kushoto 2.70, ya kulia 1.65, subufa 0. Sauti ya mwimbaji imeganda mlango wa kulia. Vioo vinatetemeka lakini ile ngumi ya ngoma siipati. Nikishuka nikasimama nyuma ya gari ndiyo naisikia. LPF (filta inayopitisha besi tu) ya amplifaya iko 80 Hz, redioni nako 80, na kile kitufe cha kuongeza besi kiko robo tatu. Ninunue subufa nyingine?

JIBU: Hapana, hela yako itunze. Subufa inayotetemesha vioo vya IST ina nguvu ya kutosha. Shida ni kwamba inavutana na spika za milangoni badala ya kusukuma nazo pamoja, na besi inafia hapo katikati. Katika maelezo yako kuna makosa matatu ya wazi: milisekunde zimewekwa upande usio wake, filta ya besi imewekwa mara mbili, na besi imeongezwa mahali pabaya. La nne, waya wa spika kugeuzwa, halionekani kwa maandishi, ila ni la kawaida mno kwenye magari yetu kiasi kwamba ndilo la kuanza kupima.

Tuanze na milisekunde kwa sababu hesabu unayo tayari. Kwenye joto la nyuzi 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwenye nyuzi 25 kama mita 346. Kwa kazi ya gari chukua sm 34.5 kwa kila milisekunde. Spika iliyo mbali kuliko zote inapewa sifuri, nyingine zote zinacheleweshwa ili ziisubiri. Kwako ya mbali ni subufa, sm 185. Mlango wa kulia uko sm 85, tofauti ni sm 100; gawanya kwa 34.5 unapata 2.90. Mlango wa kushoto, tofauti sm 55, ni 1.59. Tuita ya kulia, tofauti sm 93, ni 2.70. Tuita ya kushoto, tofauti sm 57, ni 1.65.

Umeona? Namba za fundi wako ni sahihi kabisa, ila amezigeuza kulia kwa kushoto. Spika iliyo karibu nawe ndiyo inayotakiwa kusubiri zaidi. Mlango wa kulia tayari ulikuwa unawahi kwa milisekunde 1.30, baada ya kuuchelewesha ule wa kushoto kwa 1.31 zaidi, tofauti imekuwa 2.6. Sikio la binadamu huhesabu chanzo cha sauti kuwa kile kilichofika kwanza, hata kama kilichofuata kina nguvu sawa nacho. Ndiyo maana mwimbaji ameganda kwenye mlango wako.

Kosa hili lina asili mbili. Ya kwanza ni redio zilizotengenezwa kwa nchi ambazo dereva hukaa kushoto: ukigusa picha ya kiti cha dereva kwenye skrini, redio inamhesabia mtu wa kushoto. Ya pili ni aina ya menyu. Kuna redio inayotaka umbali wa kila spika kwa sentimita, kisha inapiga hesabu yenyewe. Ukiiandikia tofauti badala ya umbali, inageuza kila kitu. Nyingine inataka milisekunde tu. Isome menyu kabla ya kuandika chochote. Na kabla ya kubadilisha namba, sogeza balansi yote kushoto usikilize. Ikiwa inalia ya kulia, basi waya za RCA (zinazopeleka sauti toka redioni hadi kwenye amplifaya) zimepishana, na dawa ni kuzibadilisha nyuma ya redio wala si kugeuza namba.

Swali ambalo huulizwa sana Arusha: je, kwa kuwa tuko juu, hesabu zinabadilika? Hapana. Mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na Moshi iko chini ya 1,000, lakini kasi ya sauti hewani hufuata joto, haifuati mwinuko. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi 15 kasi ni kama mita 340. Gari lililoanikwa juani likafika nyuzi 35 ni 352. Kwa tofauti ya mita nzima hiyo ni sehemu ya kumi ya milisekunde. Usijisumbue nayo.

Sasa waya. Chomoa nyaya za spika kutoka kwenye amplifaya, chukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, gusisha chanya ya betri kwenye waya unaodhaniwa chanya na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu. Koni (ile sehemu ya spika inayosukuma hewa) ikiruka kuja nje, waya uko sawa. Ikizama ndani, umegeuzwa. Fanya hivyo kwa milango yote miwili na subufa. Usiipime tuita hivi: kiwambo chake hakionekani kikisogea, na hakina sababu ya kupewa mshtuko wa betri. Mlango mmoja ukigeuzwa, besi ya chini ya 200 Hz hufutika katikati ya gari, na hakuna milisekunde itakayoirudisha. Dalili yake ni rahisi: sogeza balansi upande mmoja, besi ya mlangoni inaongezeka badala ya kupungua.

Subufa yenye koili (waya uliosokotwa unaoisukuma koni) mbili za omu 4 zilizounganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, inakupa omu 2. Hakikisha koili zote mbili zimeunganishwa kwa mwelekeo mmoja. Moja ikigeuka, koili zinapigana, koni haiendi popote, na joto linapanda.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la filta. Redio yako inakata besi kwenye 80 Hz, kisha amplifaya inakata tena kwenye 80. Watu hudhani ni usalama zaidi. Kila filta, mbali na kupunguza sauti, huchelewesha wimbi na kulizungusha. Wenye kazi hii huita fezi, na si fezi ya TANESCO. Ni hatua ambayo wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake. Filta ya kawaida ya desibeli 12 kwa oktavu iliyowekwa 80 Hz hulizungusha wimbi nyuzi 90 palepale kwenye 80. Ya desibeli 24, au mbili za 12 zikifuatana kama zako, hulizungusha nyuzi 180, ambayo ni sawa na kugeuza waya. Kwa hiyo kwenye 80 Hz, mahali ambapo subufa na milango inapokezana, koni za milango zinasukuma wakati subufa inavuta. Ile ngumi ya ngoma iko hapohapo, kati ya 60 na 100 Hz. Chini zaidi, kwenye 40, milango haichezi, haina cha kubishana na subufa, ndiyo maana vioo vinatetemeka vizuri tu. Na ukisimama nyuma ya gari unasikia subufa karibu peke yake, milango iko mbali, ugomvi umeisha.

Dawa: filta ibaki kwenye DSP tu. Kwenye amplifaya ya subufa, kama kuna swichi ya kuzima LPF, izime. Kama haina, izungushe hadi mwisho wa juu, 200 au 250. Amplifaya ya chaneli 4 iweke kwenye FULL. Kisha redioni weka subufa LPF 80 Hz, milango HPF (filta inayozuia besi) 80 Hz, zote aina ya Linkwitz-Riley ya desibeli 24. Aina hiyo ina faida moja kubwa: pande mbili hukutana zikiwa kwenye hatua moja ya wimbi, hazihitaji kugeuzwa waya. Ukitumia Linkwitz-Riley ya desibeli 12, pande zinakutana zikiwa zimepingana nyuzi 180, ni lazima ugeuze moja. Milango ikatwe juu kwenye 3,000 Hz na tuita zianzie hapohapo, zote desibeli 24. Usiishushe tuita ya bei ya kawaida chini ya 2,500.

Hapa niingize tahadhari. Tuita ikiendeshwa moja kwa moja na amplifaya bila kapasita, siku redio ikipoteza kumbukumbu yake filta inapotea nayo, na tuita inaungua kwa wimbo mmoja. Weka kapasita ya mikrofaradi 47 isiyo na chanya na hasi kwenye waya wa chanya wa kila tuita. Kwa omu 4 inakata karibu 850 Hz, chini sana ya pale inapofanya kazi tuita, hivyo haiharibu sauti lakini inazuia besi na mishtuko.

Kitufe cha kuongeza besi kirudishe sifuri na ukisahau. Robo tatu ya desibeli 12 ni desibeli 9, na desibeli 9 ni nguvu mara 8. Pale ambapo muziki unadai wati 60, sasa unadai 480, na amplifaya haina akiba tena. Inakata vichwa vya mawimbi, koili inapata joto, harufu ya kuungua inafuata. Ile gein nayo inayozungushwa kwa bisibisi si ya sauti. Kazi yake ni kulinganisha volti za redio na uwezo wa amplifaya. Iweke kwa multimita: chomoa spika, zima ekwalaiza, weka redio kwenye asilimia 75 hadi 80 ya sauti yake, cheza mlio wa 50 Hz, pima volti za AC kwenye matundu ya amplifaya ya subufa. Namba unayotafuta ni kipeuo cha pili cha wati mara omu. Wati 500 mara 2 ni 1,000, kipeuo chake 31.6. Zungusha taratibu hadi volti 31, simama. Kwa milango, wati 60 kwa omu 4, ni volti 15.5. Ila hapo tumia mlio wa 200 Hz, maana multimita za bei nafuu hupima sawa kwenye masafa ya umeme wa nyumbani na jirani yake, ukienda 1,000 zinaanza kudanganya. Mlio uwe umerekodiwa kwa kiwango kamili, 0 dB, kwa milango. Kwa subufa wengi huchukua wa -5 dB kwa kuwa muziki wenyewe mara chache hujaza kiwango chote kwenye besi. Gein za tuita unaweza kuzianzia chini kabisa na kuzipandisha kwa sikio.

Sasa rudi kwenye muda, safari hii kwa masikio. Futi inakupa mahali pa kuanzia tu, kwa kuwa inapima mstari ulionyooka na haijui filta, grili za mlango wala sauti inayogonga kioo na kurudi. Paki gari mahali tulivu, vioo vimefungwa, injini imezimwa, feni imezimwa, kiti kikiwa pale unapokaa siku zote. Weka namba sahihi kwanza. Kisha zima kila kitu isipokuwa milango miwili, cheza sauti ya mono (ileile pande zote mbili), mtu anayezungumza au pinki noizi (mvumo kama wa mvua) iliyokatwa kati ya 100 na 1,000 Hz. Fumba macho. Sauti inatakiwa isimame kama nukta moja katikati ya dashibodi, juu kidogo ya redio. Ikiwa imelalia kulia, ongeza kuchelewa kwa mlango wa kulia kwa hatua ndogo kabisa ya redio yako. Nyingi ni 0.02, sawa na sm 0.7. Ikiwa imetawanyika kama ukungu bila kuwa na mahali, mlango mmoja umegeuzwa, rudi kwenye betri ya tochi.

Ukishapata muda ndipo uguse nguvu. Mlango wa kulia uko karibu, kwa hesabu ya umbali pekee unauzidi ule wa kushoto kwa desibeli 3.7. Kwenye gari lenyewe tofauti ni ndogo kuliko hiyo, punguza kulia desibeli 2 hadi 3. Mfuatano huu una sababu. Chini ya takriban 1,500 Hz sikio hutambua upande hasa kwa tofauti ya muda, juu ya hapo hasa kwa tofauti ya nguvu. Milango ipangwe kwa muda, tuita zipangwe kwa muda kisha umalizie kwa nguvu.

Tuita na mlango wa upande uleule ni sehemu yenye kuhitaji subira. Kwenye 3,000 Hz wimbi zima lina urefu wa sm 11.5 tu. Ukikosea sm 6, yaani milisekunde 0.17, umeligeuza juu chini. Njia inayofanya kazi ni ya kutafuta shimo: acha mlango wa kulia na tuita ya kulia tu, geuza mwelekeo wa tuita (chanya kwa hasi) kwenye menyu, cheza mlio wa 3,000 Hz kwa sauti ya chini, sogeza milisekunde za tuita polepole ukizunguka ile 2.70 hadi mlio unapodidimia kabisa. Hapo panasikika wazi kuliko kutafuta mahali penye sauti kubwa zaidi. Rudisha tuita kwenye mwelekeo wake wa kawaida, muda uache hapohapo. Usitikise kichwa, sentimita tatu za shingo zinatosha kuharibu kipimo. Halafu upande wa kushoto.

Subufa mwisho. Kwenye 80 Hz wimbi lina mita 4.3 na linachukua milisekunde 12.5 kujirudia, kwa hiyo milisekunde moja ni nyuzi 29 tu. Hapa hakuna haja ya hatua za 0.02, tumia nusu nusu. Fungua milango na subufa, zima tuita, geuza subufa kwenye menyu, cheza mlio wa 80 Hz, sogeza hadi mlio ukae chini kabisa, kisha irudishe ilivyokuwa. Rudia kwa 70 na 90 uone kama shimo liko karibu na palepale. Sasa kuna tatizo moja: subufa iko kwenye sifuri, huwezi kuiwahisha. Ikiwa masikio yanadai iwahi kwa milisekunde 2, ongeza 2 kwa spika zote nne za mbele kwa pamoja. Uwiano wao haubadiliki, subufa inakuwa imewahi. Kwa boksi lenye tundu na filta yake ya kuzuia besi ya chini mno, kuhitaji milisekunde mbili tatu za namna hii ni jambo la kawaida. Ila usiende mbali zaidi ya 6 kutoka kwenye namba ya futi. Ukifika 12 utakuta mlio umepanda tena vizuri sana, na utadhani umefanikiwa, kumbe umelala kwenye wimbi linalofuata.

Kipimo cha kumalizia hakitumii mlio. Weka wimbo wenye ngoma kavu na gitaa la besi, rumba au injili ya kwaya yenye bendi inafaa. Ukiwasha na kuzima subufa kwenye menyu, ngoma inatakiwa inenepe palepale ilipokuwa mbele, isihamie kwenye buti. Singeli ni mtihani mwingine mzuri: kwa midundo zaidi ya 200 kwa dakika, besi inayokawia kunyamaza inapanda juu ya mdundo unaofuata na kila kitu kinakuwa uji. Lakini hapo mara nyingi mkosaji ni boksi. Sikio halihisi milisekunde 3 kama kuchelewa kwa mdundo. Linahisi mngurumo unaoendelea baada ya ngoma kwisha.

Boksi lenye tundu lina masafa yake. Kuyajua, cheza milio kuanzia 45 Hz ukishuka moja moja kwa sauti ndogo, kidole kikiwa juu ya koni kidogo tu. Kuna mahali koni inakaribia kusimama na upepo wa tundu unakuwa mkali kuliko wote. Hapo ndipo lilipotuniwa. Tuseme ni 35: filta ya chini kabisa, ile inayoandikwa SUBSONIC, iweke 28 hadi 30. Chini ya masafa ya tundu hewa haiishikilii koni tena. Inaruka ovyo bila kutoa besi yoyote ya maana na hatimaye inapasuka pembeni. Ukikuta boksi limetuniwa 45 au 50, kama yalivyo mengi ya kununua tayari, limeundwa kwa kelele na si kwa muziki, na ekwalaiza haitalinyoosha lote. Kwa inchi 12 boksi lililozibwa la lita 30 hivi, mbao ya MDF ya milimita 18, linacheza vizuri ndani ya IST kuliko watu wanavyotegemea, kwa kuwa gari dogo lenyewe hupandisha besi ya chini. Kuvuja kunakaguliwa kwa ubani au udi: cheza 30 Hz taratibu, pitisha moshi kwenye maungio. Ukiyumba ghafla, hapo gundi haikushika.

Mahali pa boksi pia ni chombo cha kutunia, na hakigharimu shilingi. Kutoka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma tuseme ni mita 2.4: wimbi la kwanza kusimama ndani ya chumba hicho ni la kama 72 Hz, na shimo lake liko katikati, karibu na kichwa cha dereva. Shimo la aina hiyo halizibwi kwa ekwalaiza; ukiongeza 70 Hz unaongeza pande zote mbili zinazofutana, amplifaya inahangaika, kiti chako kinabaki vilevile. Geuza koni itazame nyuma, boksi likiwa sm 15 kutoka mlango wa buti. Jaribu ikitazama juu. Jaribu ubavuni. Kila mara cheza milio ya 40, 50, 63, 80 na 100 na uandike ipi inapungua. Chagua mahali penye mashimo machache, ndipo urudie muda wa subufa, maana umbali umebadilika.

Ekwalaiza baada ya hapo ni ya kupunguza vilima tu. Ukiwa na maiki ya kupimia na programu kama REW, ambayo ni ya bure, kazi inakuwa ya nusu saa. Maiki za simu nyingi hukata masafa ya chini, usiziamini chini ya 100 Hz. Besi ya 40 hadi 50 ikikaa desibeli 8 hivi juu ya sauti za katikati inatosha kwa gari.

Kuna kitu kingine kinachovuta besi nyuma ambacho hakina uhusiano na DSP: vitu vinavyogonga. Besi yenyewe ya 50 Hz sikio haliwezi kusema inatoka wapi. Kibati cha namba kinachopiga mlango wa nyuma, jeki, plastiki ya taa, hivyo vina mlio wa juu na sikio linavielekezea kidole mara moja, kisha linasema besi iko nyuma. Cheza mlio unaopanda polepole toka 25 hadi 100, mtu wa pili apite na kiganja akibonyeza kitu kimoja kimoja. Sponji yenye gundi nyuma ya namba hutatua mengi.

Na milango. Kama spika imefungwa juu ya mlango wenye matundu wazi, hewa ya nyuma ya koni inazunguka na kufuta ya mbele, besi ya 80 haitoki hata ufanye nini. Ziba matundu makubwa kwa shiti ya butili yenye foili, weka pete ya spesa isiyopitisha hewa. Spesa ya plaiwudi ipakwe rangi pande zote, mvua za masika zinaivimbisha ndani ya mlango na skrubu zinalegea. Vile vitundu vya chini vya kutolea maji usiviguse.

Majaribio ya mwisho ni barabarani, siyo kwenye maegesho. Mngurumo wa matairi hufunika besi, na kilichotosha ukiwa umesimama Pasua kitaonekana chembamba ukivuka Boma Ng'ombe kwenda Arusha kwa kilomita 80. Tengeneza kumbukumbu mbili: ya mjini, na ya safari yenye subufa juu desibeli 3. Ya tatu kama unabeba familia, milisekunde zote sifuri, kwa kuwa mpangilio wa dereva unamwachia abiria wa kushoto sauti iliyolala upande wake. Abiria ndiye abonyeze.

Namba zote za mwisho ziandike kwenye karatasi, ziache ndani ya droo ya dashibodi. Siku fundi atakapochomoa betri kubadilisha starta, redio nyingi za Android husahau kila kitu.